Jaruba la Siti ya Nyuma

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi, Verdiana alikuwa amekaa juu ya ndoo ya oili pale kwa mafundi, Mpanda mjini, akiangalia miguu ya mdogo wake iliyotokeza chini ya kigari cheupe. Optatus alikuwa fundi, na kwa mambo ya magari dada yake hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Wanawake wengine wana waume, wana kaka wakubwa, wana wajomba wenye semi-trela. Verdiana alikuwa na Optatus.

Shida yake ilieleweka bila maelezo mengi. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja kule Sitalike, kilomita thelathini na tano kutoka mjini. Mama yao alipata kiharusi mwaka mmoja na nusu nyuma, akapoteza mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, na sasa analala nyumbani kwa Verdiana, Makanyagio, kwa sababu mazoezi ya viungo yanapatikana mjini tu. Kila siku ya Mungu ilikuwa hivyo: kumgeuza mama, kumwogesha, kumnywesha uji, kumwachia jirani yao Sikujua, halafu kwenda kusimama barabarani mpaka apatikane wa kumbeba. Alishaandikiwa barua mbili za kuchelewa kazini. Ya tatu ingekuwa uhamisho, na akihamishwa, mama abaki na nani?

Tena kulikuwa na ahadi. Mama alikuwa na jaruba lake la mpunga kwao Mpimbwe, likiitwa Msufini, alilolinunua kwa pombe ya mahindi aliyopika mwenyewe kabla hajaolewa. Hakuwa na kitu kingine duniani. Kila jioni Verdiana alimwambia, "Ukipata nguvu kidogo tu, nakupeleka Msufini ukavune kwa mkono wako." Mama alifumba macho, akafungua mdomo, kijiko kikapita. Bila Msufini uji ulikuwa haumezwi.

Optatus alitoka chini ya gari akijifuta mikono kwa tambara.

"Dada, usitake makuu," alisema. "Wewe unataka gari la kwenda na kurudi. Hili injini ndogo, pistoni tatu, haijawahi kufunguliwa. Namba yake C, la zamani kidogo, lakini spea zake unapata mpaka Majimoto. Lilikuwa la mzee mmoja wa huko huko kwetu Mpimbwe, anaitwa Leodgar. Alikuwa analiendea misa tu."

"Mafuta linakulaje?"

"Hili halili mafuta."

Mafundi wote husema hivyo. Verdiana alicheka, akatoa bahasha yenye akiba yake ya miaka sita, akampa mdogo wake akamalizane na huyo mzee, kwa sababu mwanamke akienda mwenyewe kununua gari bei inapanda hapo hapo. Hapo ndipo alipokosea. Lakini tusimcheke, maana Optatus ni yeye aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno, na mtu uliyembeba mgongoni humhesabii noti.

Jumapili padri alilinyunyizia gari maji ya baraka pamoja na pikipiki mbili. Jumatatu Verdiana alifika kazini kabla mlinzi hajafungua geti.

Mshale wa mafuta ulikuwa kwenye nusu. Baada ya wiki ulikuwa kwenye nusu. Baada ya mwezi ulikuwa kwenye nusu, na Verdiana akaingia sheli kwa aibu tu, maana watu walishaanza kusema anaogopa kununua mafuta. Mhudumu alifungua kifuniko, akachungulia, akanusa.

"Dada, ni nusu kweli. Ila ni maji."

"Maji gani?"

"Ya mvua." Akafunga kifuniko vizuri. "Una bahati. Petroli imepanda tena."

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza na maji yakatokea miguuni pa siti ya nyuma. Verdiana alidhani ni mpira wa mlango, akatandika kanga kuukuu. Maji hayakukauka. Chini yake kulikuwa na tope jeusi zito, lile linalovua ndala. Wiki moja kabla ya Krismasi mpunga ulichipua, ukaanzia kwenye mikanda, ukafuata mishono ya siti, ukaenda mpaka kwenye buti. Vyura wakaja. Yangeyange wawili walikuwa wanalifuata gari kutoka Makanyagio hadi Sitalike, na likisimama wanatua juu ya bodi na kusubiri.

Christina, muuguzi mwenzake aliyekuwa anapewa lifti, alikunja sketi na kukaa na miguu ndani ya maji.

"Palizi imefika, Verdi," alisema asubuhi moja, akang'oa magugu njia nzima.

Pale Sitalike viboko walitoka mtoni kuja kulinusa gari, na mganga wa zahanati akamwomba Verdiana awe analiegesha nyuma, karibu na tanki la maji, ili wagonjwa wapite. Barabarani trafiki alimsimamisha mara moja tu. Alikagua taa, akakagua mtungi wa kuzimia moto, akainama dirishani.

"Umebeba nini nyuma?"

"Mpunga."

"Umevunwa?"

"Bado, afande."

"Ukishavunwa upitie geti la mazao ulipie ushuru. Sasa hivi ni shamba, na shamba mimi sina sheria yake."

Verdiana alimpigia simu Optatus jioni hiyo. Optatus naye alikuwa na shughuli nyingi, kwa sababu mwezi wa kumi na moja alifungua duka la spea karibu na stendi ya zamani, fremu mbili kwa mpigo. Verdiana alienda kwenye uzinduzi na akanunulia wageni soda kreti mbili. Alijivunia sana siku ile.

"Opta, gari limeota mpunga."

Optatus aliuliza, "Umestawi?"

"Umestawi."

"Basi usilipeleke kwa fundi mwingine, dada. Watakuharibia."

Barua ya tatu haikuja. Mwezi wa tano mpunga uliinamisha vichwa, na Verdiana akavuna konzi ya kwanza kwa kisu cha jikoni, nje ya nyumba yake, milango minne ya gari ikiwa wazi.

Kwao mpunga mpya hauliwi hivi hivi. Mwenye shamba anatafuna punje mbichi kwanza, anataja jina la shamba, ndipo wengine wanapika. Asiye mwenye shamba akitangulia, mwaka unaofuata anavuna makapi. Verdiana alisimama na ile konzi mkononi asijue ampe nani, maana gari ni lake lakini hakuwahi kupanda hata punje moja. Mwishowe akaona apelekewe mkubwa wa nyumba. Akaingia chumbani, akamenya punje tano, akamtia mama mdomoni.

Mama alitafuna taratibu kwa upande wa kushoto. Akameza.

"Msufini," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya miaka miwili. Jirani Sikujua, aliyekuwa anakunja nguo, alisema, "Afadhali," akaendelea kukunja. Verdiana alidhani mama amekumbuka tu kwao, akaanza kumwambia kwamba ndiyo, mama, tutaenda. Mama akatikisa kichwa. Akanyanyua mkono wa kushoto, akatenga dole gumba, akaligandamiza kwenye shuka kwa nguvu, akaliinua na kumwonyesha. Muuguzi anaona madole gumba kila siku kwenye fomu za watu wasiojua kuandika.

"Nani alikuja na karatasi, mama?"

Maneno yalitoka moja moja, kwa shida. "Opta. Wewe kazini. Akasema... gari la dada."

Verdiana alikaa chini kwenye sakafu. Kwa hiyo mama alitoa Msufini ili mtoto wake wa kike apate gari, na mtoto wa kike alitoa akiba yake yote ili apate gari lile lile, na katikati yao alikaa mtu mmoja akipokea huku na huku. Alijiambia labda mama amechanganya mambo, wagonjwa wa kiharusi huchanganya, na alijua kabisa kwamba hajachanganya.

Jumamosi alienda Mpimbwe. Baada ya Sitalike hakuhitaji kushika usukani, gari lilikuwa linaijua njia. Alimkuta Mzee Leodgar barazani anamenya karanga, naye mzee alilitambua gari kabla ya kumtambua mtu.

"Linatembea vizuri?"

"Vizuri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hela?" alisema alipoulizwa kama alilipwa zote. "Mimi hela sijaiona, binti yangu. Tulibadilishana na kijana wenu, gari kwa jaruba. Kila kitu kimeandikwa."

Aliingia ndani akatoka na karatasi ndani ya nailoni. Dole gumba la mama lilikuwapo, la wino wa bluu, la kushoto. Chini yake, mahali pa shahidi, liliandikwa jina la Verdiana mwenyewe, kwa herufi V yenye mkia mrefu unaojikunja. Mkia ule ulikuwa wa Verdiana. Alimfundisha Optatus kuuandika akiwa darasa la kwanza, amemshika mkono juu ya daftari, na dunia nzima hakuna wengine wanaouandika hivyo. Iliuma kuliko dole gumba.

Wakaenda kuliangalia shamba. Lilikuwa limezungushiwa seng'enge mpya. Ndani hakukuwa na mpunga wala nyasi, ila ardhi ngumu, bapa, nyeupe kidogo, iliyonuka oili. Ule mti wa msufi uliolipa shamba jina ulikuwa bado umesimama kwenye kona.

"Linaunguruma kila siku saa kumi na mbili asubuhi," alieleza Leodgar. "Nikilimwagia petroli lita tano linatulia. Halioti kitu."

"Basi turudishiane, mzee wangu. Wewe chukua gari lako, nipe shamba la mama."

Leodgar alifikiri kwa haki kabisa. "Karatasi ina muhuri," alisema. "Na seng'enge nimeshanunua. Halafu nimelizoea."

Njia nzima ya kurudi Verdiana alipanga maneno. Alipanga makali, akapanga ya sheria, akapanga ya kumlaani mtu. Hakuhitaji hata kumfuata dukani. Optatus alikuja mwenyewe Jumapili baada ya misa, kwa sababu alisikia mama anaongea na mpunga mpya umepikwa. Alikuja na mkate na maziwa ya pakiti.

"Opta," Verdiana alisema pale mlangoni, "nimetoka kwa Leodgar."

Optatus alimwangalia bila kukwepa. Hilo nalo lilimshangaza kidogo, kwamba hakukwepa.

"Dada, gari umepata au hujapata?"

"Nimepata."

"Kazini unachelewa?"

"Sichelewi."

"Sasa ugomvi uko wapi?"

"Hela zangu, Opta. Na Msufini ya mama."

"Msufini si hiyo hapo nje?" alisema, akaonyesha gari kwa kidevu. Yangeyange walikuwa juu ya bodi. Chura mmoja alilia ndani ya buti. "Imekufuata mpaka mlangoni. Wengine wanapanda basi kwenda shambani kwao."

Verdiana alisimama na mwiko mkononi, na mdogo wake akampita, akaingia kwa mama.

Mama alikuwa ameketishwa kwenye kiti, sinia la wali mbele yake. Alimwona Optatus. Kwa mkono wa kushoto, mkono ule ule wenye dole gumba lile, alichota wali, akaufinyanga tonge, akamnyooshea.

"Kula, mwanangu," alisema.

Neno hilo lilitoka bila shida, moja kwa moja. Miaka miwili Verdiana alimgeuza, alimwogesha, alimtoa makamasi, akisubiri siku mama atakayomwita jina. Hakuwa ameitwa bado. Optatus alikula lile tonge, akasifu mpunga, akasema hata mchele wa Usangu hauoni ndani. Mama akagusa sahani tupu ya Optatus, akamwangalia Verdiana, akaonyesha sufuria. Verdiana akampakulia Optatus tena.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo, alimbeba mama, akamweka siti ya nyuma, miguu ndani ya maji. Mama aliyaangalia masuke yaliyobaki, akaomba kisu kwa ishara, akaanza kuvuna kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku midomo yake ikitembea. Ahadi ikawa imetimia. Mshale ulikuwa kwenye nusu.

Pale stendi ya zamani Optatus alikuwa anapandisha mlango wa duka lake. Aliwaona akapunga mkono. Mama aliacha kisu, akapunga. Verdiana akapiga honi, kwa sababu ndugu wakipishana barabarani hupigiana honi. Kisha akalia kutoka hapo mpaka wanakaribia Sitalike, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaegesha nyuma karibu na tanki la maji, maana zahanati inafunguliwa saa moja na nusu.