Gia Inayobisha Hodi

Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, Mbeya iliamka na baridi kali. Ukungu ulikuwa umelala upande wa Uyole, na nyasi za chuo zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Saa moja na nusu Rozalia alifungua maabara, akavaa barakoa na glavu, akasali sala yake fupi ya kila siku, kisha akaitoa gia ndani ya mashine.

Mashine ile hutengeneza vyuma bila kufua wala kumimina. Hutandaza unga wa chuma, mwanga wa leza ukapita juu yake na kuuyeyusha pale tu panapotakiwa, kisha unga mwingine hutandazwa juu. Hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka kitu kisimame. Gia hii ilikuwa ya mashine ya kukoboa mpunga ya Bwana Farhan, huko Rujewa. Ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye utafiti na kwenda kufanya kazi kwa watu.

Rozalia alikuwa akiipangusa kwa brashi iliposema, "Hodi."

Haikuwa mara ya kwanza kwa vyuma vya maabara ile. Vipande vitatu vya majaribio vilikwisha kubisha, kila kimoja mara tatu, kwa adabu, na baada ya hodi ya tatu kila kimoja kilipasuka. Viwili vilikuwa na sauti ngeni, vikapasukia kabatini. Cha tatu kilikuwa na sauti ya mlinzi, mzee Ezekia, naye alikuwa akipita dirishani kilipopasuka. Tangu hapo anatembea kwa magongo, na maabara nzima inajua sauti ina maana gani.

Sauti ya gia ilikuwa ya Sedekia, mdogo wake Rozalia, ambaye ndiye mwendesha mashine wa Bwana Farhan. Rozalia alimpigia simu. Sedekia alikuwa akinywa uji, mzima kabisa. Alimuuliza dada yake kama huko Mbeya watu bado wanaoga kwa baridi hiyo.

Rozalia aliichukua gia, akaenda nayo kwa Dokta Abrahamu, mkuu wa utafiti. Unga unaobaki mashineni huchekechwa na kutumika tena, na maelekezo yalisema usirudiwe zaidi ya mara nne. Rozalia ndiye aliyekuwa akiuchekecha. Alijua kwamba huu umerudiwa mara kumi na tisa, kwamba punje zake zimeanza kugandamana, na kwamba punje za namna hiyo huacha vijitundu ndani ya chuma. Kwenye fomu Dokta alikuwa ameandika nne.

"Dokta, hii ni sauti ya mdogo wangu," alisema.

Dokta aliinamisha sikio, akakubali kwamba sauti inasikika vizuri. Akaeleza kwamba fomu haina nafasi ya sauti, na kwamba Agosti wageni watakuja kukagua utafiti, na gia lazima iwe imefanya kazi saa mia tatu.

"Mwambie avae kofia ngumu," alisema.

Rozalia alimjibu kwamba gia ile huzunguka usawa wa shingo ya mtu anayemimina mpunga. Dokta alikuwa tayari anatafuta boksi.

Waliondoka saa tatu kwa gari la chuo. Njia nzima Rozalia alisali midomo ikimcheza bila sauti. Chimala, waliposimama kununua maji, gia ilibisha hodi ya pili. Dereva alipunguza redio kwa heshima. Hakuna aliyesema karibu, kwa sababu kumkaribisha anayebisha ni kumfungulia. Kwenye daraja la Mto Mbarali Rozalia alishusha kioo na kuweka mkono juu ya boksi. Dokta alilivuta boksi upande wake, akaweka miguu juu yake.

Rujewa kulikuwa na joto na vumbi. Magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa hadi darini, na wakulima walikuwa wakisubiri tangu Alhamisi, siku gia ya zamani ilipokatika. Mchungaji alikuwepo kwa ajili ya maombi, na shehe kwa ajili ya dua. Rozalia aliwaeleza wote, bila kuficha: unga, mara kumi na tisa, mzee Ezekia, hodi mbili. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Afadhali hii inabisha, mama," mkulima mmoja alisema. "Ile ya zamani ilikatika bila hata kuaga."

Watu walicheka. Sedekia naye alicheka, akasema kama ni sauti yake, yeye anajijua, hawezi kujidhuru. Saa sita gia ilikuwa imefungwa na mashine inazunguka. Sedekia alipanda kwenye jukwaa na gunia begani, akainama kumimina.

"Hodi," ilisema gia, mara ya tatu.

"Subiri, Sedekia," Rozalia alisema.

"Sawa, dada," gia ilijibu, ikaendelea kuzunguka.

Baada ya dakika kumi na mbili ilibisha tena, na Rozalia akaiambia tena isubiri. Hodi iliyofuata walimjaribu Sedekia mwenyewe, aiambie isubiri. Gia haikumjibu, ila ufa mwembamba kama unywele ulionekana kwenye jino moja, kwa maana mtu hawezi kujizuia mwenyewe mlangoni pake. Rozalia alipiga kelele isubiri, na ufa ukasimama pale pale. Ilimsikiliza dada mkubwa tu.

Dokta aliandika nyuma ya fomu: dakika kumi na mbili. Akasema hayo ni matokeo mazuri, na chuo kitampa Rozalia ruhusa ya kubaki. Bwana Farhan aliagiza kiti. Rozalia aliomba gia itolewe. Wakulima waliyatazama magunia yao. Akaomba mara ya pili, na shehe akatazama chini.

Mchungaji alisema ingefaa atamke neno mbele ya watu, ili wenye mpunga wawe na amani. Rozalia alisimama. Jasho lilikuwa limemlowanisha mgongo. Sedekia alikuwa juu ya jukwaa na gunia jingine, na ilibaki dakika moja kabla ya hodi.

"Mimi Rozalia," alisema, "mbele ya Mungu na mbele yenu wote, naahidi kukaa hapa kila mashine inapozunguka. Akibisha nitamwambia asubiri. Sitaondoka, sitasinzia, na sitaugua."