Jumamosi ya Nne

...na kitambaa nacho kimeshalowa mafuta, kinapaka badala ya kufuta, lakini naendelea kusugua kwa sababu nikiacha itanibidi niinue macho, na nikiinua macho nitamwona mama yake Mashavu amesimama mlangoni mwa stoo ya vyombo, kitoto kimemng'ang'ania sketi, anasema kitu kuhusu fundi seremala wa jirani aliyemwonyesha njia, kwamba zamani tulikuwa upande ule, ndiyo mama, naitikia, tulihama, ukuta ule ulikuwa unavuja, naitikia kama mtu mwenye akili zake timamu huku naiona mikono yangu imeshika tarumbeta namba nne, namba yenyewe niliiandika mimi kwa rangi ya kucha, nyekundu, na hata sikumbuki niliichukua saa ngapi kwenye rafu... Miezi minane. Miezi minane nampita huyu mama sokoni nikijifanya nachagua vitunguu, nageuza kitunguu kimoja mpaka muuzaji aniulize kama nakitafutia mchumba, na leo amekuja mwenyewe, kwa miguu yake. Hukai, mama? Sikai, mwalimu, ni neno moja tu. Mtu akikuambia ni neno moja tu ujue amelilalia na kuliamkia wiki nzima, na mimi nalijua hilo neno, amejua, kuna mtu amemwambia, watoto husema, watoto wote walikuwepo siku ile na watoto hawana siri... Nimemleta mdogo wake, anasema. Anataka na yeye.

Anataka na yeye. Basi hajajua. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, umetua, umetua kama mtu aliyepata kiti.

Upande wa pili wa ukuta watoto wa darasa langu wanapasha midomo, wanatelezesha sauti juu na chini, na anayewaongoza ni Chupa, mtoto wa mwokota chupa, ambaye sasa yuko shule ya bweni, wamempa nafasi kwa sababu ya kupiga tarumbeta, ana chombo cha shule kinachong'aa na kila Jumamosi ya likizo anarudi kuwafundisha wadogo, anawakemea kwa sauti yangu, "Tumbo! Tumbo, si mabega!", na mimi husimama hapa stoo nikajivuna peke yangu, kwa sababu Chupa alipanda kwa sheria yangu. Watoto kumi na wawili, tarumbeta tano. Ndiyo maana nikaweka foleni, majina kwa chaki ukutani, watano juu wenye vyombo, saba chini wanaosubiri, na ukikosa Jumamosi tatu mfululizo jina linafutwa, wa chini anapanda. Sheria nzuri, nasema mpaka leo ni nzuri, kabla yake vyombo vilikuwa vya watoto wenye mama wakali, mama wanaojua kubishana, asiye na msemaji akabaki kupiga makofi. Watoto wakanipa jina, Mwalimu Dakika, wakidhani silijui, na mimi nikalivaa kama medali... "Mkubwa wake huyu alikuwa hasemi, mwalimu," mama anasema, "wewe unakumbuka, tangu baba yao atoke na begi lake." Nakumbuka. Aliletwa na mkuu wa shule yake akiniambia huyu anapiga wenzake na hasemi, mtoto wa miaka kumi na moja, labda huko kwenu atapoa, kama vile mimi nina friji. Siku ya kwanza alipuliza kwa mashavu, yakajaa kama maandazi, wenzake wakaanguka kwa kicheko, hapohapo wakambandika jina, na mimi nikasogea karibu nikisubiri ngumi. Hakupiga mtu. Alipuliza tena. Ikatoka sauti moja ya kukwaruza kama geti lenye kutu, akashtuka, akaigeuza tarumbeta akachungulia ndani kuona nani amelia... mwezi wa tatu ndiyo akasema sentensi yake ya kwanza mbele ya watu, na ilikuwa malalamiko, "Mwalimu, huyu anaharakisha," na kweli yule alikuwa anaharakisha, nikaenda chooni nikalia.

"Nyumbani alikuwa anapuliza kipande cha mpira wa maji," mama anasema, "maana mlisema vyombo havitoki. Mpaka jirani anagonga ukuta. Akaanza na kunijibu! Namgombeza asinijibu, kumbe moyoni nacheka." Anacheka na sasa, kicheko kifupi, kinakatika katikati. Kaka yangu mimi, naye aliyekuwa hasemi, alipuliza nini, hakupuliza kitu, alikaa kimya mpaka akazeeka... si hiyo, si kaka, rudi hapa, sikiliza. Wameanza zoezi la noti ndefu. Saa tisa na nusu. Noti ndefu kila Jumamosi ni saa tisa na nusu, na mimi si mtu wa mizimu, nilikuwa nawacheka wanaoziba vioo penye msiba, lakini tangu mwezi ule kwenye noti ndefu nasikia pumzi moja ya ziada. Nahesabu. Tarumbeta za darasa leo ni nne kwa kuwa hii ninayo mimi, na ya Chupa tano. Zinazovuta pumzi ni sita. Siku nyingine nawanyamazisha mmojammoja nimtafute aliyezidi, wanadhani nawapa mtihani, wanakaza migongo, masikini... na wote wakinyamaza, inabaki, ya chini kidogo, ya kwenye mashavu.

Maana ilikuwa saa tisa na nusu. Jumamosi ya tano tangu mama yake alale kwa kuumwa mgongo, mtoto akawa ndiye anayebeba nguo za watu za kufua kwenda na kurudi, beseni kichwani, na lori lilikuwa linarudi nyuma na dereva, walisema, hakuona chochote. Saa hiyo angekuwa darasani, kiti cha pili. Usifanye hesabu hiyo, nimejikataza, naifanya kila siku, angekuwa kiti cha pili, magoti pamoja, anasubiri nihesabu nne.

"Mwalimu, mimi nakuambia ukweli," mama anasema, na sauti imebadilika, nimeinua macho bila kukusudia, amekonda, lo, amekonda huyu mwanamke, "mimi ndiye niliyemtoa hapa. Nilikuwa nalala pale namwona anabeba beseni, Jumamosi, najua saa ya darasa, na sikumwambia nenda mwanangu, nguo zitangoja. Mdomo ulikuwa mzima, ni mgongo tu ulioharibika. Angekuwa hapa asingekuwa pale. Basi huyu simtoi. Hata nikilala mwaka." Kitoto kimesikia kinatajwa, kimenitabasamia, na meno ya mbele hakina, pengo tupu, juu mawili na chini moja... na akili yangu, hii akili ya shetani, imerukia pale pale, meno! Bila meno ya mbele hapulizi, mama, mdomo haushiki, mlete yakiota, miezi sita hivi, na si uongo, mwalimu yeyote wa tarumbeta atakuambia hivyohivyo, wataondoka wote wawili wakinishukuru na mimi nitabaki na kitambaa changu. Au nimpokee. Nimpokee leo leo, nimrushe mbele ya wote wanaosubiri, nimpe namba nne hii yenye mafuta, nimfundishe mpaka aote mabawa, mama atanibariki mbele za watu, na kila baraka nitaimeza kama kokoto. Hiyo ndiyo ilikuwa inanijia tangu aliposema mdogo wake, naiona sasa, hongo, namhonga mama kwa mtoto wake mwenyewe, ili nini, ili aendelee kunibebea hatia.

Kwa sababu anayo. Nilidhani mzigo ninao mimi, miezi minane najionea huruma na pumzi zangu sita, kumbe mzigo wenyewe alikuwa nao huyu, anautembeza sokoni, nikimkwepa. Anadhani mtoto aliacha. Hajui Jumamosi ya nne. Jumamosi ya nne Mashavu alikuja, aliliacha beseni getini, akasimama mlangoni mwa darasa kama alivyosimama mama yake sasa, akasema, "Mwalimu, mama ameanza kukaa." Nikamwambia jina lako limefutwa. "Nimeona," akasema. "Nitakuwa wa ngapi?" Wa kumi na mbili. Akafikiri, akasema haya, lakini leo nikae tu, nisikilize? Na mimi, mbele ya darasa zima, nikamwambia kila mtu akija kukaa tu chumba hakitatosha. Na kiti cha pili kilikuwa wazi. Chupa, aliyepandishwa mahali pake, alikuwa amechelewa. Akakiangalia kile kiti, akaniangalia mimi, hakubisha, yeye aliyekuwa amejifunza kubisha humu humu, akageuka... na Jumamosi ya tano hakuwa na sababu ya kupita huku, akapita kule.

Nikimwambia atamchukua mtoto. Mtu gani hangemchukua, atamshika mkono atoke naye, na huyu mwenye pengo atakosa darasa, kosa langu litakuwa limekula wawili, hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kunyamaza, nzuri mno, inanuka kama ile ya meno. Mwalimu? anasema. Kule ukutani Chupa amewasimamisha, wanapumzika. "Mwalimu, utampokea, au nimrudishe nyumbani?" Bado yuko kizingitini, hajakaa, mkono uko kichwani mwa mtoto, na akitaka anitemee mate, ni haki yake, akitaka akanitangaze mtaa mzima, lakini leo asilale tena akidhani ni mgongo wake. Navuta pumzi, tumbo, si mabega...

"Mama," nasema, "mtoto wako alirudi."