Bi Mkubwa Mlangoni

Kisanduku kiligusa boriti kwa sauti ndogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, nalo basi letu likasimama. Shemeji alizima injini. Watu waliokuwa wakitushangilia walipiga makofi mawili matatu ya mwisho, halafu nao wakanyamaza. Mimi nilikuwa mbele, mikono juu, nikimwongoza atoke taratibu, na mikono ile ilibaki hewani kwa sababu sikujua niipeleke wapi.

"Nini?" aliuliza, kichwa nje ya dirisha la dereva.

"Rudi nyuma kidogo."

"Nimegonga?"

"Rudi nyuma kwanza, shemeji. Maswali baadaye."

Akarudi. Nikapanda ngazi, nikatazama. Juu ya kioo cha mbele, kwenye kisanduku cha namba ya njia nilichokipaka rangi kwa mkono wangu, palikuwa na mchubuko. Boriti ya zege iliyokaa juu ya mlango wa karakana ilikuwa chini kuliko basi letu. Si kwa kingi, lakini mlango haujui kingi wala kidogo. Watu wazima na mvi zetu, tulikuwa tumepima kila kipande cha basi lile kwa rula na kwa uzi, isipokuwa mlango wa kulitolea.

Basi lenyewe tulilipa jina la Bi Mkubwa. Lilikuwa la mwisho kati ya mabasi makubwa ya shirika la jiji. Mengine yote yalikuwa yameshakatwa vipande na kuuzwa kwa kilo. Makumbusho ya usafiri yalikubali kulipokea, mradi lifike zima na kwa nguvu zake lenyewe. Tulikuwa kikundi cha kujitolea, na malipo yetu yalikuwa chai, tena chai tuliyoichemsha wenyewe. Sasa karakana ile ya kuazima ilikuwa imeuzwa, na mmiliki mpya alitaka uwanja mtupu siku ile ile. Alikuwa ametuma neno la wazi: ikifika adhuhuri, chochote kilichobaki ndani ni chuma chakavu. Tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa uani tangu asubuhi, na wavunjaji walikuwa wameng'oa mabati ya paa upande wa nyuma siku iliyotangulia.

Nilipogeuka pale juu ya ngazi sikuitazama boriti tena. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya wageni waliokuja kutuaga, na hakuwa akilitazama basi. Alikuwa akimtazama mdogo wake.

Nieleze kwa nini. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa fundi mitambo wa shirika lile tangu ujana wake. Siku shirika lilipofungwa, alikuja kwetu kukaa "kwa wiki moja tu". Wiki ile ilizaa nyingine, nayo ikazaa wajukuu. Alikuwa akikaa sebuleni kutwa, mikono imelala mapajani, mikono ambayo zamani haikujua kukaa bure. Ukimsemesha anajibu, ukimwandalia anakula, lakini mwenyewe hayupo. Kwetu shemeji ni mtu wa utani. Huyu nilimtania hadi nikachoka, kila mzaha ukaanguka sakafuni bila kuokotwa. Mke wangu alikuwa akimchungulia kutoka jikoni, kisha anarudi kukoroga sufuria iliyokwisha iva.

"Baba watoto," aliniambia siku moja, "mtafutie mtu huyu kitu cha kumchafua mikono. La sivyo nitamzika mdogo wangu angali hai."

Mimi maisha yangu yote nilichora mabango: majina ya maduka, namba za milango, bei za samaki. Nilikuwa nimesikia kuna watu wanatafuta mchoraji wa kuandika upya maandishi ya basi kuukuu. Nikamburuta shemeji twende wote. Alilizunguka basi lile, akafungua kifuniko cha injini, akainama ndani, na kutoka humo likatoka tusi ambalo siwezi kuliandika hapa. Alikuwa anamtukana fundi wa mwisho aliyelifunga bomba kwa kamba ya viatu. Nilipomsimulia mke wangu jioni ile, alicheka hadi akakaa chini, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akaniomba nimrudilie tusi lile neno kwa neno.

Basi hilo, tangu hapo, ndilo lililomwamsha shemeji asubuhi. Kila mtu alishika pembe yake. Bi Sindano, mshonaji mstaafu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alishona viti vyote upya, akavifunika nailoni, na ole wako akukute umekalia. Shemeji alishika injini na springi. Bi Mkubwa alikuwa ameingia karakana akivutwa, tairi hazina upepo, springi zimevunjika, tumbo linakaribia kufagia chini. Shemeji alizunguka majalala ya vyuma mpaka akapata springi zenyewe, akaliinua basi hadi likasimama kimo chake cha ujanani. Mimi nilikisaka kisanduku cha namba, kile kinachokaa juu ya paa, nikakikuta kwa mtu, kuku wanatagia ndani. Mwenye kuku hakutaka kukitoa mpaka kuku aliyekuwa akiatamia aangue vifaranga vyake. Nikangoja. Baadaye nikakisugua, nikakipaka rangi, nikakifunga paani kwa riveti, misumari isiyofunguka, na kwa jinsi nilivyokionea fahari ungedhani nimekizaa.

Shemeji aliinua kutoka chini, mimi nikaongeza juu, na kila mmoja akamsifu mwenzake. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama mlango.

"Ni kisanduku chako hicho!" shemeji alinipigia kelele aliposhuka kwenye usukani.

"Ni springi zako hizo!" nikamjibu.

"Ningejua ungeweka kibanda cha kuku juu ya paa ningekuacha nyumbani!"

"Na mimi ningejua unafuga twiga!"

Wageni walicheka, wakidhani ni utani wetu wa kawaida. Haukuwa utani.

Kuivunja boriti hakukuwezekana. Ukuta wote wa mbele ulikaa juu yake. Ukiigusa, matofali yanamwangukia Bi Mkubwa kichwani. Nyuma kulikuwa na ukuta mwingine, na nyuma ya ukuta mtaro mpana. Tukaanza kutoa upepo kwenye tairi, moja baada ya nyingine, huku shemeji akipiga magoti na kuzibonyeza kwa kiganja. Basi likashuka. Nikapima kwa vidole pale juu: bado.

"Toa zaidi," nikasema.

"Yatosha. Nikitoa zaidi rimu itakata mpira, halafu hatoki wala haingii."

Vilibaki vidole viwili. Miaka yetu yote ilikuwa imekwama kwenye unene wa vidole viwili.

Dereva wa tingatinga alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa mtu wa miraba minne, mpole wa sura, na alionekana kuona haya kwa ajili yetu. "Jamani, mimi nimetumwa tu," alisema. "Lakini sijamaliza chai yangu. Nikiwa na chai siwashi mtambo." Akarudi kukaa kwenye ngazi ya tingatinga, na sijapata kuona mtu akinywa chai polepole namna ile. Simu yake iliita. Akaitazama, akaiacha iite.

Shemeji alikaa kwenye kidato cha mlango wa basi. Akaifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akakikunja kitambaa, kisha akailaza mikono mapajani. Niliuona mkao ule, nikaukumbuka ule wa sebuleni. Nilimtupia jicho mke wangu. Naye alikuwa ameuona. Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniomba jambo kwa nguvu kama alivyoniomba kwa macho pale.

Nikachukua tindo na nyundo, nikapanda ngazi.

"Unafanya nini?" shemeji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nakitoa kisanduku."

"Ukizing'oa riveti hizo bati la paa litachanika. Wamesema lifike zima."

"Nitawapigia magoti."

"Shemeji, usikate. Ni kazi yako hiyo."

"Bora lichanike paa kuliko uchanike wewe," nikasema. Sikuwa nimepanga kulisema. Liliponyoka tu, mbele za watu, na kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni.

Nikaweka tindo kwenye riveti ya kwanza. Sikupiga. Kwa mkono wa pili nilikuwa nimekishika kisanduku, vidole vimelala juu ya ukingo wake, nikikiaga, nisidanganye. Ndipo mvua ikaanguka. Haikunyunyiza kwanza wala kuonya. Ilimwagwa kama maji ya kufulia. Wageni waliokuwa uani wakakimbilia ndani, wakakuta upande wa nyuma hauna mabati, na mahali pakavu pa pekee palikuwa ndani ya Bi Mkubwa. Wakampanda. Wakasukumana, wakainua watoto, wakakunjua miamvuli mahali pasipo na nafasi. Nikamsikia Bi Sindano akilia, "Viti vyangu! Nguo mbichi kwenye viti vyangu!"

Na mimi nikahisi kisanduku kinanikimbia. Kilizama chini ya vidole vyangu, taratibu, kila alipoingia mtu mwingine. Niliinama kukifuata kabla sijaelewa kitu. Kisha nikaelewa.

"Asishuke mtu!" nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Jamani, asishuke mtu! Ingieni! Ingieni wote!"

Walinikodolea macho wakidhani nimerukwa na akili. Shemeji ndiye aliyesimama. Alizitazama springi, akanitazama mimi, akaitazama boriti, na uso wake ukafunguka.

"Sogeeni nyuma!" akawapigia kelele. "Hapana, mbele! Sogeeni mbele, uzito uje mbele! Dada, njoo! Bi Sindano, ingia!"

"Nimesema hakuna mtu kukaa kwenye viti vyangu," alisema Bi Sindano, mvua ikimchuruzika puani. Alisimama kidogo, akavitazama viti vyake kupitia dirishani. Kisha akapanda, akaanza kuchana nailoni yeye mwenyewe. "Haya, kaeni! Pakataneni! Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini atakayefuta mkono kitini nitamshona!"

Shemeji akarudi kwenye usukani, na mke wangu akapanda, akasimama nyuma ya kiti cha dereva, mkono begani kwa mdogo wake. Uani hakubaki mgeni. Nikapitisha kidole juu ya kisanduku kuelekea boriti. Kilikwama. Bado kisanduku kilikuwa kimeizidi boriti, unene wa ukucha tu, lakini kimeizidi.

"Bado!" nikasema. "Kidogo sana!"

"Hakuna mtu mwingine," shemeji alijibu.

Alikuwepo mmoja. Simu ya dereva wa tingatinga ilikuwa inaita tena. Aliigeuza mkononi, akaiweka kwenye kiti cha mtambo wake, ikaendelea kuita peke yake. Alimimina chai iliyobaki chini, akaja kwenye mvua bila haraka, akaupitisha mwili wake mlangoni kwa ubavu.

"Mimi mama yangu alikuwa akinipeleka shule na basi hili," alisema. "Nipisheni hapo mbele."

Bi Mkubwa akashusha pumzi. Nayasema niliyoyasikia: springi zililalamika, na kidole changu kikapita. Kikapita chote, huku na huku, kati ya zege na bati, na mwanga ukaonekana.

"Washa!" nikasema. "Taratibu, shemeji. Ukidunda umegonga."

Injini ilikohoa, ikafa. Ikakohoa tena, ikashika. Basi likaja kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Nilikuwa bado juu ya ngazi ubavuni mwa mlango, shavu langu karibu na zege, na nilikiona kisanduku changu kikipita chini ya boriti chote, bila kugusa, tone la mvua likining'inia kati yake na zege. Halafu paa, dirisha moja baada ya jingine, nyuso zimebanana, kila mmoja kainamisha kichwa kana kwamba ni yeye atakayegonga. Halafu hakukuwa na kitu mbele yangu isipokuwa mvua.

Kelele zilizotoka ndani ya basi lile sijazisikia hata kwenye harusi. Mimi sikuweza kupiga kelele. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye tope nikalia, na sikuona haya yoyote.

Mvua ilipopungua wakaanza kuteremka. Wa kwanza alikuwa dereva wa tingatinga, akaenda zake kuipokea simu yake. Wakafuata wengine, na kila aliposhuka mtu, Bi Mkubwa aliinuka kidogo, na kidogo tena, kisanduku kikipanda mbele ya macho yetu. Wa mwisho alikuwa mke wangu. Alipokanyaga ardhi basi lilisimama kimo chake chote kasoro upepo wa tairi, refu, limeloa, liko nje.

Shemeji alikuja akakaa kwenye tope karibu nami. Akautazama mlango, akalitazama basi.

"Sasa hata wakitaka kulirudisha ndani," alisema, "halirudi."

"Haliingii," nikasema.

"Haliingii kabisa." Akaanza kucheka. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, akaenda kutafuta pampu ajaze tairi upepo.