Mstari wa Kwenda Dar es Salaam

Rubani alitandaza ramani juu ya pipa la mafuta, akaweka rula kutoka Singida hadi Dar es Salaam. Akapiga mstari kwa penseli, akapima, akaandika hesabu pembeni. Kisha akaitazama machela iliyowekwa kivulini mwa ndege, akatikisa kichwa.

Juu ya machela alilala Luciana, binti pekee wa Mughwai, mfyeka nyasi wa kiwanja kile cha ndege. Uvimbe wa shingoni ulikuwa umeanza kumziba pumzi. Daktari Mwingereza alisema upasuaji wa namna hiyo hauwezekani Singida, labda Dar es Salaam, na ndege iliyomleta bwana mkubwa wa serikali ilikuwa inarudi huko.

Gasto, dresa mfunga vidonda wa hospitali, ndiye aliyetafsiri maneno ya rubani. Ni maili mia tatu na arobaini bila kutua. Mafuta yatatosha, ila ni mazito, na kwa jua lile ndege hupaa kwa shida, kiwanja nacho ni kifupi. Ndege ingemchukua mtoto, na Gasto wa kumwangalia. Kwa uzito huo, mzazi asingeweza kupanda.

Mughwai aliuliza kuhusu treni. Gasto akamjibu taratibu kwamba mtoto asingefika.

"Akiamka atamwita nani?" Marietha, mke wa Mughwai, aliuliza.

Mughwai aliutazama ule mstari. Ulikuwa mfupi kuliko kiganja chake.

"Si mbali, mama Luciana," alisema. "Ndege haizunguki milima."

Marietha hakuitazama ramani. Alimwinamia mtoto, akamnong'oneza kwa Kinyaturu. Luciana akamgeukia baba yake, akauliza kama na wao watakuja.

"Tunakuja nyuma yako," Mughwai alimwambia.

Ndege ilipaa, vumbi lake likatulia, na Mughwai na mkewe bado wamesimama palepale.

Gasto alirudi baada ya majuma kadhaa. Alikaa kwenye kigoda uani, kofia mkononi, akaeleza yote bila kuficha. Walimpasua. Alizinduka, akaomba maji, akauliza baba na mama wamefika wapi. Kulipokucha alikuwa amekwisha fariki. Wakamzika hukohuko.

Marietha hakulia mbele ya mgeni. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi kichwani, na Mughwai akamfuata. Walipanda lori hadi Manyoni, kisha treni ya Dar es Salaam. Nchi ilipita dirishani, mbuga kwa mbuga, jua likachwa, kukacha, na bado walikuwa safarini. Milima ya Morogoro ilipotokea, Marietha alisema neno moja tu.

"Hapa ndipo uliponiambia si mbali?"



Makaburini mlinzi aliwaonyesha tuta dogo la mchanga mweupe, akawaacha. Marietha alipiga magoti kando yake. Kisha akaivua kanga ya begani, akalifunika tuta, akaanza kuchomeka pindo zake mchangani, polepole, kuzunguka. Mughwai akapiga magoti upande wa pili, naye akaanza kuchomeka.