Kutoka Wapi, Kwenda Wapi

Amatullah alikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya binafsi upande wa Mbaraki, na kila Ijumaa, watu wakishakwenda kuswali, kazi ya kunakili ilikuwa yake. Mfumo wa wagonjwa huzimwa nusu saa. Ndani ya mtambo wa kuhifadhia data mna diski pepe mbili, si vitu vya kushika mkononi, ni vyumba tu vilivyokatwa ndani ya mtambo mmoja. Ya kumi na nne ina kumbukumbu za wagonjwa; ya arubaini na moja ina nakala yake ya Ijumaa iliyopita, na hospitali haikuwa na nyingine. Unamwaga kumi na nne juu ya arubaini na moja, unawasha mfumo, umemaliza. Ukigeuza, umefuta juma zima.

Ndiyo maana yeye na mwenzake Kaingu walijiwekea ada. Mmoja habonyezi mpaka mwenzake amuulize kwa sauti: kutoka wapi? Kwenda wapi? Wauguzi waliwacheka, wakasema hawa wanaozesha diski.

Leo Kaingu alikuwa Makupa, akifuatilia betri za mtambo zilizokwama kwenye lori. Alipiga simu akamsihi amngoje. Amatullah akaitikia vizuri sana, na wala hakungoja. Roho yake ilikuwa ghorofa ya chini, wodi ya watoto wachanga, alikolazwa mtoto wa dadake Afaf, aliyezaliwa Jumanne na kufikia Alhamisi kageuka manjano hadi machoni. Kila baada ya saa sita alipimwa damu kwa kidude cha hapo hapo wodini, na namba zikaingizwa kwenye mfumo. Saa nane daktari angezitazama zote pamoja. Zikiwa zapanda kwa kasi, mtoto angebadilishwa damu. Amatullah alitaka mfumo uwake mapema. Basi akajiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akabonyeza.

Mtambo ule hunakili yaliyobadilika tu, kwa hiyo dakika nne zilitosha. Imekamilika, kwa rangi ya kijani. Akawasha mfumo, majina ya wagonjwa yakajaa kwenye kioo, akashusha pumzi. Kisha akaandika jina la Afaf, ndilo mtoto alilosajiliwa nalo, kama alivyokuwa akifanya tangu Jumanne.

Hakuna.

Akaandika tena, herufi moja moja. Hakuna. Mgonjwa wa mwisho kusajiliwa alikuwa wa Ijumaa iliyopita, kabla ya swala. Akairudia amri aliyoiandika, akaisoma kwa sauti, na sasa ndipo alipoisoma kweli: kutoka arubaini na moja, kwenda kumi na nne.

Yarabi. Na mtambo hata haukulalamika! Kila kitu kilikuwa kizima, ila cha juma lililopita. Kwa dakika nzima, na nisimfichie aibu yake, alifikiria kunyamaza aseme mfumo umeharibika wenyewe. Halafu akamkumbuka yule mtoto aliyelazwa chini ya taa ya kutibu manjano, akampigia Kaingu, akamwambia yote bila kupunguza.

Kaingu hakumlaumu. Aliuliza tu kama Sista Joy bado ana lile daftari lake.

Daftari! Sista Joy Kahindi, mkuu wa wodi ile, kwa miaka ishirini alikuwa akiandika kila kipimo kwa kalamu kabla ya kukiingiza kwenye kompyuta. Amatullah alishuka ngazi mbio, viatu mkononi, akiomba dua hadi mdomo ukamkauka. Alimkuta Joy mezani, akamwomba daftari kwa sauti isiyokuwa yake.

Joy alivuta mtoto wa meza, akampa. Amatullah akafunua kurasa kutoka nyuma, mpaka akafika kwenye mwandiko. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula.

"Jumatatu ndiyo uliyotuletea barua tuache kuandika mara mbili," Joy akasema taratibu. Barua yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani, na sahihi ya Amatullah chini yake.

Mlango ukafunguka. Daktari aliingia akikunja mikono ya shati, akauliza namba za mtoto wa Afaf.