Utando wa Mawifi

Tangu asubuhi mkemia alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia mita, anarudi kukaa. Utando wake mpya, ngozi nyembamba ya plastiki, ulikuwa ndani ya seli ya haidrojeni, kifaa kinachogeuza gesi hiyo kuwa umeme, ukitenganisha pande zake mbili, na umeme mwingi kiasi kile haukuwahi kuonekana katika maabara yao. Alikuwa ameongeza asidi kwenye plastiki, chaji za umeme zikapita kama zimefunguliwa lango. Tatizo ni kwamba asidi hunywa maji, na plastiki iliyoshiba maji huvimba na kulegea.

Hapo ndipo alipokosana na wifi yake, dada wa mumewe, mhandisi ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta kila utando kwenye mashine mpaka uchanike. Nyumbani walisukana nywele; kazini hawakupikika chungu kimoja. Wifi alitaka wavu wa nyuzi uwekwe ndani ya utando, uushikilie. Mkemia alikataa katakata. Nyuzi hazipitishi chaji, na kesho yake wakubwa wa hospitali walikuwa wanakuja kuona seli itakayoendesha friji zao za chanjo.

Mchana mita iliporomoka. Haidrojeni ilikuwa imepenya upande wa pili, seli ikaanza kuchemka. Wifi alikimbia kufunga gesi. Ilipopoa wakaifungua, wakakuta utando umepasuka pale ulipobanwa.

Mkemia alijiandaa kusimangwa. Wifi alivua glavu tu, akavuta kiti.

"Wifi, friji haijui rekodi," alisema. "Inajua kuwaka na kuzimika."

"Na umeme ukipungua?"

"Utapungua. Lakini utakuwepo."

Roho ilimuuma, ila wavu aliuchukua. Wakaumiminia plastiki ya majimaji taratibu, viputo visibaki, wakaukausha kwenye oveni. Wageni walipofika, mkemia aliwaambia wazi kwamba utando wa kwanza ulichanika, na kwamba huu unatoa umeme pungufu. Waliguna, wakatazamana, mwishowe wakakubali kuwaachia maabarani friji moja ya majaribio.

Wiki nzima mkemia alikuwa roho juu, akiitegea sikio friji ile kama mtoto mwenye homa. Haikuzimika. Hospitali ikaagiza seli nyingine.

Mumewe alidhani sasa atapumzika. Jumapili, wote wakiwa mezani, mkemia alisukuma sahani pembeni.

"Wifi, tukipata nyuzi nyembamba zaidi, asidi si naweza kuongeza kidogo?"

Wifi aliendelea kutafuna. "Ongeza. Nitauvuta."