Keria ya Titani

Brightson alikuwa amewatambia majirani zake wote wa Boko kuhusu baiskeli aliyoagiza ichomelewe kwa titani, chuma ghali kisicho na uzito, nyepesi ya kunyanyua kwa vidole viwili, ya kupandia milima ya Uluguru. Alipofika karakana ya fundi wake, Mwanakombo, pale Mabibo kuichukua, akajishika kichwa. Juu ya tairi la nyuma palikuwa na keria, imechomelewa barabara.

"Dada, nani kakutuma?"

"Sasa isiyo na keria nayo baiskeli?" Mwanakombo alijibu. Hii ilikuwa baiskeli yake ya kwanza ya titani, na ikikataliwa leo, mji mzima utasema hajui kazi. "Ni titani hiyohiyo, braza. Haina uzito."

"Mzigo ni mzigo! Kule mlimani nitambeba nani? Ikate."

Avelina, mke wa Brightson aliyekuja naye, alikuwa amesimama mlangoni. "Kumbe mie nabaki nyumbani?" Akaja, akakalia keria kiupande, akaweka kitenge chake vizuri. "Wifi, hapa pametulia," alimwambia Mwanakombo.

"Karibu, wifi yangu."

Brightson alimtazama mkewe, akaitazama keria, akashika usukani. "Haya, naichukua. Ila wewe fundi, niombe radhi."

"Siombi," Mwanakombo alisema. "Na kesho siombi."